Mrabaha Ujenge, Michango Ilinde Wazee: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Panda na Likasi

Kwa Mkuu wa Komini ya Panda,
Kwa Meya wa Mji wa Likasi,
Kwa Waheshimiwa wabunge wa jimbo la Haut-Katanga mliotumwa Lubumbashi kwa kura za watu wa Likasi,

Waheshimiwa,

Mimi ni mkaaji wa Panda na mtoto wa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines, niliyezaliwa na kukulia kampini.

Kila msimu wa kuandaa bajeti nasikia mambo mawili yakigombanishwa: ujenzi na pensheni. Anayeuliza habari za kaniveau (mtaro) iliyoziba anaambiwa pesa imeishia kwa wafanyakazi. Mzee anayedai haki yake ya uzeeni anaambiwa avumilie, mji unakua, watoto wanahitaji madarasa. Mwisho wa mazungumzo kila mmoja anarudi nyumbani akimwona mwenzake ndiye aliyekula sehemu yake.

Nawaandikia kuwaomba mkomeshe ugomvi huo, kwa sababu hauna msingi. Sheria za nchi yetu zimekwisha kutenga mifuko miwili. Mrabaha wa madini umewekwa kwa ajili ya kujenga. Michango ya kila mwezi imewekwa kwa ajili ya mfanyakazi atakapozeeka. Taabu yetu inaanza siku ambayo mtu anachota mfuko mmoja ili kuziba pengo la mwingine, na inazidi siku ambayo hakuna anayejua ndani ya mifuko hiyo kuna kiasi gani.

Panda haihitaji mgeni aje kuifundisha jambo hili. Mtambo wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga wa kuchenjua shaba ulianza kazi hapa mwaka 1921, na kiwanda cha Shituru kikafuata mwaka 1929. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 kampuni ilichoka kuleta vibarua wa muda na kuwarudisha vijijini. Ikaamua kuwatuliza hapa pamoja na wake zao. Zikajengwa kampi, zahanati, shule, ikagawiwa posho. Babu zetu wakasema: kazi njo baba, njo mama. Serikali ilipoitaifisha Union Minière mwaka 1967 na kampuni ikaja kuitwa Gécamines, posho iliendelea, hospitali iliendelea, na imani ile iliendelea pia.

Sitasema vibaya juu ya shule zile wala hospitali zile. Zimenisomesha, zimemtibu mama yangu. Lakini vyote hivyo vilitegemea tani za shaba za mwaka ule ule. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa, mafundi, makarani na walimu kwa maelfu, wakalala na watoto kwenye kituo cha treni cha Likasi wakingoja mabehewa. Ni doa letu, na hadi leo wengi wao hawajaweza kurudi kutafuta vyeti vya miaka waliyofanya kazi hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni iliyokuwa nguzo ya nchi nzima ilitoa chini ya tani 20,000 kwa mwaka. Shaba ilipopungua, kila kitu kilichotegemezwa juu yake kilianguka kwa pamoja: mshahara, dawa, darasa, na uzee.

Kisha ikaja ile tunayoiita *départs volontaires*, yaani kuondoka kwa hiari. Kati ya mwaka 2003 na 2004, kwa pesa ya Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa malipo ya mkupuo. Jumla ilikuwa kama dola milioni 43. Ukigawanya ni karibu dola 4,000 kwa mtu, ingawa wengine walipata chini ya hapo na wengine zaidi. Walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, wakiwa na madeni dukani na ada za shule mbele yao, wangekataaje? Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amekwisha kuandika mwaka 2001 kitabu kuhusu familia hizi, na akakiita kwa Kifaransa kwa jina lenye maana ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Miaka miwili tu baadaye wengine zaidi ya elfu kumi wakaingia katika kundi hilo. Nenda leo Panda, Kikula au Shituru, utawakuta: waliofungua maduka yakafa, waliokwenda kulima porini bila pembejeo, wajane wanaotunza makaratasi.

Na wale waliobaki hadi umri wa kustaafu, waliochangia INSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, tangu ilipoundwa mwaka 1961? Pesa yao ilikuja kuhesabiwa kwa sarafu ya zaire. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 franka moja ya Kongo ikabadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Fanyeni hesabu hiyo polepole: franka moja ni sawa na zaire za zamani bilioni 300. Hakuna mchango wa mfanyakazi wa mtambo uliovuka mto wa namna hiyo ukafika ng'ambo ukiwa na uzito.

Nimeyakumbusha haya kwa sababu mji wetu umepata tena pesa ya shaba, kwa njia nyingine, na naogopa tutaitumia kwa desturi ile ile ya kale.

Kanuni ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 eneo la mtaa ambamo madini yanachimbwa, na asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Panda, ikiwa komini, ni *entité territoriale décentralisée*, yaani eneo la mtaa, kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008. Ina bajeti yake na ina haki ya kupokea mgawo huo. Tuseme imeuzwa shaba ya dola 1,000. Mrabaha wake ni asilimia 3.5, yaani dola 35. Katika hizo, eneo la mtaa linapata dola 5 na senti 25. Kobalti, ambayo serikali iliitangaza kuwa madini ya mkakati mwezi Novemba 2018, inatozwa asilimia 10. Kwa dola 1,000 za kobalti eneo la mtaa linapata dola 15. Hesabu hii ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa darasa la sita angeweza kuifanya ubaoni, kama angepewa namba za kuanzia. Ndizo hizo tunazozikosa.

Kuna jambo wananchi wengi hawalielewi, na ni kazi yenu kulieleza. Malori yanapita kwetu mchana na usiku kwenye barabara ya taifa namba 1, yakitoka Kolwezi kwenda Lubumbashi na mpakani Kasumbalesa. Watu wanaona vumbi na wanadhani Panda inalipwa kwa kila lori. Asilimia 15 inafuata shimo, haifuati vumbi. Machimbo yakiwa katika sekta ya jirani, upande wa Kambove, mgawo unakwenda huko, hata kama wachimbaji wanalala kwetu na takataka zao tunazizoa sisi. Kwa hiyo Panda inapaswa kujua, kibali kwa kibali, ni nini kilicho juu ya ardhi yake. Ramani ya Cadastre Minier, ofisi ya kusajili vibali vya madini, iko wazi kwa kila mtu. Itoeni, ibandikeni kwenye ukuta wa ofisi ya komini, andikeni chini yake ni kampuni zipi zinatakiwa kutulipa na zimelipa nini. Uvumi mwingi utakufa siku hiyo.

Pesa ya mrabaha ina sharti. Ni ya miundombinu ya msingi yenye faida kwa jamii, basi. Haikuwekwa kwa mishahara, wala kwa gari la mkubwa, wala kwa posho za safari. Nalisema hili nikijua kwamba wapo wafanyakazi wa komini ambao wangependa kulipwa kutoka humo, na njaa yao ni ya kweli. Lakini mkiifungua njia hiyo mara moja, hata kwa nia njema, hamtaweza kuifunga, na mwaka ambao bei ya kobalti itaanguka watu hao hao ndio watakaobaki bila kitu. Si jambo la kufikirika. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nchi nzima. Zuio likaongezwa mwezi Juni, na kuanzia Oktoba likafuatwa na viwango maalumu kwa kila kampuni. Inawezekana kulikuwa na sababu nzuri kwa soko la dunia. Ila eneo la mtaa lililokuwa limeahidi mishahara juu ya kobalti lingewaambia nini watu wake mwezi wa tatu, wa nne, wa tano? Pesa inayopanda na kushuka namna hii inafaa kwa kazi inayofanyika mara moja ikabaki: daraja, mtaro, kisima, darasa. Haifai kabisa kwa ahadi ya kila mwezi hadi mtu afe.

Niseme kidogo juu ya mitaro. Mvua zinapoanza mwezi Novemba, maji ya mteremko hayaulizi mpaka wa mtaa. Yanachimba kando ya barabara, yanaingia chini ya lami ya enzi za Union Minière, na ikifika Machi kuna shimo ambalo pikipiki ya kubeba abiria haiwezi kulikwepa. Sehemu kubwa ya mitaro tunayotegemea ilipimwa kwa kampi za zamani, kwa idadi ya nyumba za wakati ule. Tangu hapo watu wamejenga hadi juu ya vilima, na nchi yetu haijafanya sensa tangu mwaka 1984. Mnapanga mji bila kujua una watu wangapi. Basi kabla ya kujenga soko jingine lenye bango na utepe wa kukata, tumeni vijana wetu waliosoma topografia wahesabu nyumba mtaa kwa mtaa na kuchora njia za maji. Gharama yake ni ndogo kuliko darasa moja, na itawaonyesha pesa ianzie wapi.

Na kila kinachojengwa kiwe na karatasi ya pili, inayosema ni nani atakitunza na kwa pesa ipi. Pampu ya kisima inahitaji fundi na vipuri. Mtaro unahitaji mtu wa kuuzibua. Mtu huyo ni mfanyakazi, ana mshahara, na siku moja atazeeka. Hapo ndipo mifuko yetu miwili inapokutana, na ndipo hesabu inapopaswa kufanywa mapema: kila jengo jipya linazaa kazi, na kila kazi inazaa pensheni.

Hebu tuje kwa wazee basi.

Siku hizi sheria ni ile ya tarehe 15 Julai 2016, iliyoweka CNSS mahali pa INSS. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara. Mwajiri anaongeza asilimia 13: 5 kwa pensheni, 6.5 kwa familia, 1.5 kwa ajali na magonjwa ya kazini. Chukueni mzoa takataka anayelipwa franka 300,000 kwa mwezi. Yeye anakatwa 15,000, mwajiri anatoa 39,000, na jumla ya 54,000 inapaswa kuingia CNSS kwa jina lake na namba yake. Watumishi wenye matriculi (namba ya utumishi) ya serikali wana kasha lao, CNSSAP, lililoundwa mwaka 2015. Ila katika ofisi za maeneo ya mtaa kote nchini kuna watu wengine wengi: wale wanaoitwa *nouvelles unités*, wanaongoja matriculi miaka nenda miaka rudi, na wale walioajiriwa papo hapo, wanaolipwa kwa mapato ya tikiti za sokoni. Wa mwisho hawa, mkataba wao ukiwa chini ya sheria ya kazi, mahali pao ni CNSS. Je, wameandikishwa? Wote? Tangu lini?

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinifungulia bahasha yake. Alifanya kazi katika taasisi moja ya umma, si hapa Panda, na ameniomba nisiitaje. Ndani kulikuwa na karatasi za mshahara zimepangwa kwa miaka, zimefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Katika kila karatasi kuna mstari wa makato ya pensheni, umepigwa kwa mashine, na chini yake muhuri wa wino wa zambarau uliofifia. Alikatwa mwezi baada ya mwezi. Alipokwenda dirishani kudai, miezi aliyoonekana kuchangia haikufika nusu. Sheria inataka miezi 180, yaani miaka 15. Karatasi zake zinaonyesha zaidi; daftari la kasha linaonyesha pungufu. Mwajiri alikata na hakupeleka. Mzee alinionyesha mstari ule kwa ukucha wa kidole gumba, karatasi baada ya karatasi, kama vile mimi ndiye wa dirishani.

Pesa iliyokatwa kwenye mshahara wa mtu si mapato ya ofisi. Ni mali yake iliyo mikononi mwa mwajiri kwa siku chache. Kuitumia kununua mafuta ya gari au saruji ya ukuta ni kuchukua cha mtu, na hakuna jengo linaloweza kulihalalisha jambo hilo, hata likiwa zahanati.

Ugonjwa huu si wa Kongo peke yake. Nchini Kenya, tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wa mitaa, LAPFUND na LAPTRUST, imekuwa ikizidai kaunti mabilioni ya shilingi za michango ambayo haikupelekwa. Detroit, mji wa Marekani uliotajirika kwa kuunda magari kama sisi tulivyotajirika kwa shaba, ulitangaza kufilisika Julai 2013 ukiwa na madeni ya karibu dola bilioni 18, na wastaafu wa kawaida wa mji wakapunguziwa pensheni kwa asilimia 4.5 ingawa katiba ya jimbo la Michigan iliilinda. Jirani zetu wa Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, wameandika katika katiba yao, kwa marekebisho ya mwaka 2016, kwamba mtumishi asiyelipwa stahili zake siku ya mwisho ya kazi anaacha kazi lakini jina lake linabaki kwenye orodha ya mishahara mpaka alipwe. Kifungu hicho ni cha haki, na kimezilemea halmashauri zilizochelewesha malipo: zinalipa mzee aliyeondoka na kijana aliyeingia mahali pake. Nakipenda hata hivyo, kwa sababu kinamfanya anayechelewesha ndiye aumie. Kwetu anayeumia ni mzee peke yake.

Waheshimiwa wabunge, sehemu yenu katika jambo hili ni kubwa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 175, imeyapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na sheria ya 2008 imeyapa maeneo ya mtaa asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Mnajua jinsi fungu hilo linavyofika: kwa kuchelewa, kwa vipande. Pesa hiyo, pamoja na kodi za mtaa, ndiyo inayopaswa kubeba mishahara na michango. Isipofika, mkuu wa komini anasukumwa kuchungulia mrabaha. Ombeni Lubumbashi itoe ratiba ya malipo kwa maeneo ya mtaa na kuitangaza, ili hata sisi tujue mwezi gani umeruka. Na kwa kuwa Desemba 2023 madiwani wa komini walichaguliwa katika makao makuu ya majimbo tu, Panda haina baraza la kuchaguliwa la kuwauliza wakuu maswali haya. Hadi litakapokuwapo, nyinyi ndio sauti tuliyo nayo.

Kwako, Mkuu wa Komini, na kwako, Bwana Meya, naomba mambo machache, na yote yanawezekana ndani ya bajeti iliyopo. Mrabaha uwe na akaunti yake peke yake, na kila miezi mitatu kilichoingia na kilichotoka kibandikwe nje ya ofisi, kisomwe redioni hapa Likasi kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa tu. Mchango wa CNSS uwe malipo ya kwanza kila mwezi, kabla ya mafuta na kabla ya safari, na kila mfanyakazi aonyeshwe risiti yenye jina lake. Asiajiriwe mtu mpya, hata awe ndugu ya nani, kabla hajaandikishwa. Wale wenye umri wa miaka 55 na zaidi waitwe sasa, wakiwa bado kazini, ili miezi yao ihesabiwe na mapengo yadaiwe wakati mashahidi wako hai na makabati ya hifadhi hayajaliwa na mchwa.

Kama kuna deni la michango ya nyuma, litangazeni. Hatutawalaumu kwa deni mlilolikuta. Tutakaa nanyi tupange lilipwe kwa miaka mingapi. Deni lililofichwa ndilo litakalotutenganisha.

Wazee wa Panda wana makaratasi yao na wako tayari kuja nayo. Nawaomba muwapangie siku, katika ukumbi wa komini, pamoja na mtu wa CNSS mwenye daftari, kabla bajeti ya mwaka ujao haijatiwa sahihi. Jibu lenu tunalingoja kwa maandishi.

Kwa heshima,
Mkaaji wa Panda, Likasi